Maneno Niliyosema Sikuyaelewa

Kwenye harusi yetu shemeji yangu mmoja alisimama na bia mkononi, akasimulia jinsi mimi na mume wangu tulivyokutana. Watu walicheka mpaka padri akafuta machozi. Na kweli hadithi inachekesha: mwanamume anampenda mwanamke ambaye hajauona uso wake, anamtafuta kwa jina, kumbe hata jina si lake. Nilipokuwa sekondari, mwalimu wetu wa Kifaransa alitufundisha mchezo wa zamani wa Mwingereza fulani wenye mambo ya namna hiyo. Msichana anavaa nguo za kiume, anapeleka salamu za mapenzi za bwana ambaye yeye mwenyewe anampenda, kila mtu anadanganyika, kisha nguo zinavuliwa na watu wanaoana. Mimi nilicheza mtumishi mlevi, nikapigiwa makofi. Sikujiuliza wakati ule yule msichana alisikia mambo gani, watu walipodhani wanasema na mtu mwingine.

Nimekuja kujiuliza baadaye, na nimejiuliza kwa miaka mitano.

Wakati wa Ebola nilifanya kazi ya usafi katika kituo kimoja cha matibabu mjini Beni. Nyumbani kwetu Bulengera, Butembo, hakuna aliyejua. Baba ni mfanyabiashara, mtu wa misa ya asubuhi, na kama majirani wengi aliamini ugonjwa ule uliletwa na wageni waliokuja kuutibu. Alisema mezani, sote tukisikia, kwamba mtoto wake akionekana na watu wale asirudi kula kwake. Basi nikamwambia nimepata kazi ya duka Beni, nikapanga chumba mtaa wa Beu, nikaanza kusugua sakafu za wagonjwa kwa maji ya klorini.

Ili kuingia kwa wagonjwa tulivaa vazi jeupe la plastiki kutoka kichwani hadi miguuni, barakoa, miwani mikubwa na glavu mbili mbili. Hakionekani kitu. Ndiyo maana jina liliandikwa kifuani kwa kalamu nene, mgonjwa ajue anasema na nani. Jina langu ni la Kinande, lugha ya kwetu; mtu wa kwetu akilisoma anajua mimi ni wa nyumba ipi. Muuguzi mmoja aliyetumwa kutoka Kisangani, wa zamu nyingine, aliniona nimeshika kalamu siandiki.

"Andika yangu, dada," akasema. "Mie huku hakuna mutu ananijua. Bakinichukia, narudia kwetu."

Hivyo nikawa mtu wa Kisangani. Na kwa kuwa jina lile lilitaka usemi wa kwao, niliacha Kinande mlangoni nikasema Kiswahili tu, tena nikikivuta kidogo kama yeye. Nisijipambe kwa kusema niliogopa mawe, ingawa wenzetu walirushiwa mawe kweli. Nilimwogopa baba.

Mume wangu wakati huo alikuwa muuza viazi tu, mgonjwa kati ya wagonjwa. Mama yake alikuwa ameteremka kutoka kijijini kwao Masereka kumtembelea, akitokea kwenye mazishi, na siku chache baadaye akaanza kutapika. Wajomba walitaka afichwe, atibiwe nyumbani. Kijana akapiga simu mwenyewe, gari la wagonjwa likaja, na wajomba wakamwambia amemuuza mama yake. Siku ya tatu homa ikamshika yeye pia. Akalazwa upande wa pili wa turubai, asiweze kumwona mama wala kumsikia.

Mama yule alijua Kinande peke yake. Asubuhi moja nilikuwa nabadilisha ndoo chini ya kitanda chake akaushika mkono wangu. Akaniuliza kama namsikia. Kisha akasema, polepole, kwa Kinande: mwambie mwanangu alifanya vizuri kunileta hapa. Sina neno naye. Ndugu zangu wasimsumbue. Akayarudia yote kutoka mwanzo, kwa kuwa sikujibu.

Kwenye kitanda cha pili alilala mama mmoja wa Bulengera anayeimba kwaya moja na mama yangu mzazi. Alikuwa macho, ananitazama. Neno moja tu la Kinande na sauti yangu ingefika kwetu kabla yangu.

"Mama," nikamwambia kwa Kiswahili, "mie hapana sikia Kinande."

Halafu akauachia mkono wangu, kama mtu aliyebisha hodi akakuta si nyumba yenyewe, akageukia ukuta. Alifariki kesho yake kabla ya zamu yangu.

Kijana alipona. Katika siku zake za kupata nguvu nilimpelekea uji, na dakika zangu za kukaa ndani ya vazi zikibaki nilikaa kwenye kiti cha plastiki tukazungumza. Alinipenda, nami nilijua, kwa sababu alianza kunyoa ndevu kila siku kwa ajili ya mtu aliyevaa gunia la plastiki. Akajitolea kunifundisha Kinande. Alianza na wasingya, yaani asante, nami niliitamka vibaya kwa makusudi mpaka akashika mbavu.

"Dada wa Kisangani, ulimi yako ni ya mbao," akasema.

Nilicheka ndani ya barakoa miwani ikajaa mvuke. Nilikuwa na furaha, na ndilo jambo ninalojionea aibu kuliko mengine, kwamba nilikuwa na furaha.

Siku moja hakutaka uji. Akaniambia mama yake lazima alikufa akimlaani. "Ni mie niliita ile gari," akasema. "Aliniangalia tu bakimupandisha. Sitajua kamwe alikuwa anafikiri nini." Nilikuwa na maneno yote ya mama yake, mazima mazima, mdomoni. Nikamwambia amwombee. Yule mama wa kwaya alikuwa ameshapona na kurudi kwao. Hakuna aliyenizuia isipokuwa mimi. Ningesema ningekuwa nimekiri kwamba nilimsikia nikamkana.

Alipotoka aliacha wiki mbili zipite, akarudi kituoni na mfuko wa viazi, akaulizia jina lile. Akaletewa muuguzi wa Kisangani, mrefu, mweupe, mzuri kunizidi. Akamsalimia, akasikiliza anavyoitika, akatikisa kichwa.

"Hapana, madame. Sauti si hii."

Muuguzi akacheka, akaja kunivuta mkono. Nilisimama mbele ya mtu yule kwa mara ya kwanza nikiwa na uso, na kitu pekee nilichoweza kusema kilikuwa wasingya, safari hii kama tunavyoisema Bulengera. Alinitazama, akaelewa, akacheka mpaka akakaa chini kwenye mfuko wake wa viazi. Kicheko kilipomwisha akainua kichwa.

"Donc, basi ulimusikia mama."

Hapo ndipo mchezo ungeisha, kama ningekuwa na moyo. Ameshanisamehe jina, ameshanisamehe sauti. Nikasema, "Siku zenye niliingia kwake, alikuwa hasemi tena."

Akaitika kwa kichwa. Baba alipojua kazi yangu alinuna mwezi, kisha mbuzi wa mahari wakaja na ugonjwa ukaisha, akanuna kidogo. Tukafunga ndoa. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, na niliitembea na mume mwema kando yangu. Wajomba wakitaka shamba, aliwapa. Wakimsema mbele ya watu, aliinamisha kichwa. Kila walipomwita muuza mama nilikuwa nimekaa palepale, nagawa chakula.

Mwaka huu binti yetu alishikwa na malaria. Ana miaka mitatu. Mchana ule alikuwa anaungua, macho yamegeuka, nikamwambia mume wangu ambebe twende kwenye dispensari, ni dakika kumi kwa pikipiki. Alimchukua akafika naye mlangoni, akasimama. Nikadhani anatafuta viatu. Akamrudisha kitandani, akambandika kitambaa cha maji usoni.

"Mie sitampeleka mutu tena," akasema. "Mara moja inatosha."

Nilimpeleka mimi. Nilikaa nyuma ya pikipiki na mtoto kifuani, nikiwaza kwamba akifa, ameuawa na mdomo wangu. Hakufa. Walimchoma sindano, homa ikateremka, jioni nikarudi naye nyumbani amelala. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlangoni, akitusubiri.

"Iko aje?"

"Amelala."

Nilimlaza mtoto, nikatoka nikakaa karibu naye, nikamwambia. Nilimwambia maneno ya mama yake kwa Kinande, yalivyokuwa, na jinsi alivyoyarudia mara ya pili. Aliniomba niyaseme tena. Nikayasema. Mabega yake yalishuka, na kwa kitambo kidogo nilijidanganya kwamba yamekwisha.

"Na wewe ulimujibu nini?" akauliza.

Ningeweza kusema nilimshika mkono. Ningeweza kusema nilimwahidi.

"Nilimwambia mie hapana sikia Kinande."

Hakupandisha sauti.

"Basi alikufa akizani hakuna mutu alimusikia."

"Ndiyo," nikasema.

Kesho yake asubuhi alimbeba mtoto mwenyewe kwenda kuchomwa sindano ya pili. Niliposhika kitenge changu niwafuate, akaniambia nibaki.