Miwati ya Anord

Wapo wajinga wanaojijua, na hao unaweza kuishi nao. Shemeji yangu Anord Kalinga hajijui. Amemuoa mdogo wangu Evarista, anaimba kwaya, suruali imepigwa pasi hata siku ya kwenda kukata kuni, na hapa kijijini kwetu Kilolo hakuna jambo ambalo hajalitolea maelezo. Ng'ombe akiugua, Anord anajua. Mahindi yakinyauka, Anord alishasema. Muulize yeye amevuna nini, atakumbuka ana kikao.

Kilichokuwa kinalisha watoto wake ni kinyungu cha Evarista, yaani kile kishamba cha bondeni tunacholima kiangazi, udongo ukiwa bado una unyevu wakati mlimani ni vumbi tupu. Marehemu mama alimwachia yeye hicho, mimi nikapata cha chini yake. Kabichi, njegere, viazi, vyote vilitoka pale. Na ukingoni mwa vyote viwili, kati ya matuta na kijito, palikuwa na milulu, yale majani marefu tunayosukia vikapu. Mama hakuruhusu jembe lifike hapo. Unakata juu, shina unaliacha, basi. Kila masika maji yalipanda, yakalala juu ya milulu, yakashuka taratibu yakituachia tope lenye rutuba.

Anord aliitazama milulu ya mkewe akaona pori. Alikuwa ametoka Iringa mjini, huko kuna mtu kamwambia utajiri uko kwenye miti ya miwati: inakua haraka, magome yanatakiwa, mkaa wake unawaka vizuri. Hayo ni kweli. Ila mwati unapandwa mlimani, hata mlevi anajua. Yeye akaipanda kwenye ukingo wa kijito, eti asihangaike kumwagilia. Evarista alimsihi sana. Akajibiwa kwamba wanawake mnaona vikapu tu, hamuoni mbele. Mbele ipi, na yeye hata chakula cha kesho kilikuwa kinamtegemea mkewe?

Ikakua, sikatai. Kivuli chake kikaua milulu yote, chini ukabaki udongo mtupu. Na mizizi ya mwati inatambaa juu juu, haishiki kitu. Mvua kubwa ya kwanza, mti mmoja ukainama, ukaangukia kijitoni na kipande kizima cha ukingo. Mwingine ukafuata. Magogo yakakusanya takataka, maji yakaanza kutafuta pa kupitia. Ndipo bwana mipango akashtuka, akatangaza kwamba ataimaliza miwati yote kwa moto.

Ni kweli ndivyo tunavyosafisha mashamba huku kiangazi, tunachoma. Lakini aliyewahi kuishi na miwati anajua kwamba mbegu zake zinalala ardhini miaka na miaka, na kinachoziamsha ni moto. Nilimwambia hivyo mwenyewe, nimesimama kwenye tuta langu. Akacheka.

"Shemeji," alisema, "moto haujawahi kushindwa na mti."

Sikio la kufa halisikii dawa. Akachoma. Mvua zilipoanza, miche ya miwati iliota pale kama ukoka. Mbegu nyingine maji yalizibeba hadi kwangu, na sijui wakulima wenzetu wa vitunguu kule chini Ruaha Mbuyuni wamepelekewa ngapi. Ukingo uliokwisha kuungua haukuwa na cha kuushika. Kijito kikayaacha magogo, kikakatiza katikati ya kinyungu cha mdogo wangu. Tulipofika asubuhi palikuwa korongo, maji mekundu yanapita zilipokuwa kabichi. Evarista hakulia. Alishuka akaokoa viazi vilivyokuwa vinaning'inia ukingoni, akavifunga kwenye kanga. Anord alisimama juu, mikono nyuma, akanieleza kwamba hayo ni mabadiliko ya tabianchi. Kidogo nimsukumie humo humo.

Ikaja Sikukuu ya Mavuno. Kila nyumba hupeleka kanisani ilichovuna, na baada ya ibada vinapigwa mnada. Miaka yote kikapu cha Evarista kilikuwa kinagombaniwa, kimejaa mpaka kwenye mshikio. Safari hii Anord alitangulia madhabahuni na mzigo wa kuni za miwati, kaufunga kwa kamba mpya, anatembea kama mtu aliyeleta ndama. Nyuma yake Evarista akaweka kikapu kitupu.

Mzee wa kanisa Sosthenes, aliyekuwa anaendesha mnada, alichungulia ndani, akamuuliza kwa upole ameleta nini.

"Nimeleta chenyewe, baba," Evarista alisema. "Ndicho cha mwisho. Milulu ya kusukia kingine kwangu haipo."

Hapo Anord akanyoosha mkono kutaja bei, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nikapandisha bei. Akapandisha. Nikapandisha tena, akakaa chini. Kuku wangu wote waliishia kulipia kikapu kile, na sijuti.

Sasa Evarista analima kwangu, kinyungu kimoja watu wawili. Mashina ya milulu yangu tumeyagawa, mengine tumeyapeleka kwenye korongo lake, labda yatashika. Anord akipita ananisalimia, "Kamwene, shemeji," naitikia vizuri tu, hata mahindi ya kuchoma nampa. Kikapu ameniomba, amemtuma mpaka mwinjilisti. Nimewaambia kitatoka hapa siku nitakapokata milulu kwenye ukingo wa Evarista.

Basi siku hizi yuko kule korongoni, suruali tope tupu, anang'oa miche ya miwati mmoja mmoja kwa mkono. Hamwelezi mtu kitu. Akimaliza huku, kule imeshaota.