Kofia za Njano Mlimani Baiyun

Machipuko ya Guangzhou huanzia ukutani. Kuta za hosteli yetu zilitoka jasho, soksi zilizoanikwa Jumatatu zilikuwa bado mbichi Alhamisi, na ofisi ya wanafunzi wa kigeni ikabandika tangazo lake la kila mwaka: wanafunzi wote wa uzamili na uzamivu watakwenda Mlima Baiyun kupanda miti. Kuhudhuria ni hiari. Asiyehudhuria aeleze sababu kwa maandishi.

Mwalimu aliyetusimamia alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani minene, na sikumwona akiogopa kitu kingine duniani ila kumpoteza mgeni. Ndiyo maana alitugawia kofia za njano. Kila basi liliposimama alizihesabu kwa kidole, na zikifika ishirini na sita alishusha pumzi. Hakuhesabu watu. Watu hugeuka, huinama kufunga viatu. Kofia ya njano haifichiki.

Mwaka ule, 2009, misako ilikuwa imepamba moto. Polisi walisimama kwenye milango ya metro na ya majengo ya biashara, wakidai pasipoti kwa kila mtu mweusi. Sisi hatukuwa nazo. Ofisi ilikuwa imezikusanya ili tuongezewe vibali. Mwalimu alituambia tusihofu, mradi tuko kwenye kundi.

Basi lilisimama Sanyuanli kuwachukua wanafunzi wawili waliopanga nyumba huko. Mwalimu akashuka kuwaita. Nilikuwa mlangoni nikinyoosha miguu, nikamwona mfanyabiashara mmoja wa Lubumbashi anakuja mbio, begi la sampuli begani. Nilimfahamu vizuri. Kila Jumamosi nilikuwa mkalimani wake kwenye maduka ya nguo ya Guangyuan Xilu, na kila Jumapili tuliimba besi pamoja kanisani. Nyuma yake polisi walikuwa wameanza kuufunga mlango wa jengo la mawakala wa mizigo.

"Mon frère, nifiche," alisema akihema. "Viza ilikwisha juzi. Kontena yangu inafungwa kesho, ndeke yangu inaruka Jumatatu. Wakinikamata leo ni buloko, kontena inabaki, na hapa sitarudia tena."

"Lakini si Jumatatu unarudi kwenu?"

"Njo vile! Wanataka kunikamata wanirudishe kwetu, na miye niko narudi kwetu!"

Nilimvika kofia yangu, nikamkalisha kwenye kiti changu, nikaenda kukaa nyuma kabisa. Mwalimu akapanda na wale wawili, akahesabu, zikatimia ishirini na sita, akashusha pumzi. Kidole chake kilinipita kama kinavyopita kiti kitupu.

Kwenye lango la mlima alisimama askari mmoja kando ya mkata tiketi. Tiketi ya kundi ilikuwa ya watu ishirini na sita, na kofia ishirini na sita zikaingia. Mimi nikazuiwa.

"Pasipoti."

"Iko ofisini, chuoni. Mimi ni mwanafunzi. Kundi langu ndilo lile."

"Kundi lile limetimia," alisema askari.

Hakuwa mtu mkali. Alipiga simu ofisini kwetu kuniulizia. Simu iliita mpaka ikachoka, kwa sababu ofisi nzima ilikuwa mlimani ikipanda miti. Basi akanipa kigoda cha plastiki na maji ya moto kwenye kikombe cha karatasi, tukangoja. Huko juu walianza kuimba, nami nikaitambua ile besi. Aliyekuwa akitafutwa alikuwa anapanda mti kwa niaba ya chuo, na mwenye kibali alikuwa chini ya ulinzi.

Waliposhuka, mtu wa Lubumbashi ndiye aliyetangulia, sepetu begani, tope mpaka magotini, uso ukimng'aa. Askari alipendezwa naye. Akamuuliza kwa Kichina kama mlima ni mzuri.

Kichina cha rafiki yangu chote kilikuwa cha sokoni. "Mzuri sana, bosi," alijibu. "Kwoliti ya juu. Lakini mkubwa mno. Hakuna saizi ndogo?"

Askari alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akaninyooshea kidole. "Mwalimu, na huyu ni wako?"

Mwalimu aliniangalia kichwani pasipo kofia. Akaanza kuhesabu kofia moja moja, midomo ikicheza, na alipoufikia uso wa mtu wa Lubumbashi midomo ikasimama. Akisema ndiyo, tutakuwa ishirini na saba, na mmoja wetu atatakiwa ajieleze. Akisema hapana, amempoteza mgeni. Akaivua miwani yake, akaifuta taratibu kwa ncha ya shati, na kabla hajairudisha akafoka:

"Kofia yako iko wapi?"

"Nimeipoteza, mwalimu."

"Mtu wa uzamili! Chuo kinakupa kofia, wewe unaipoteza!" Akamgeukia askari. "Asiye na kofia hapandi mlima. Nimemwacha chini makusudi, ndiyo maana hayumo kwenye tiketi."

Kwa askari hilo lilieleweka kabisa. Palikuwa na kanuni, imevunjwa, adhabu imetolewa. Lakini mwalimu hakunyamaza. Alinisuta kwa ajili ya kofia, kwa ajili ya tasnifu yangu iliyochelewa, kwa ajili ya nywele zangu, mpaka askari akaingilia: "Basi, mwalimu, msamehe. Bado kijana."

Rafiki yangu hakuelewa neno, ila sauti za watu wanaovutana alizijua. Akasogea na sepetu lake, akamwomba mwalimu kwa upole: "Punguza kidogo, bosi. Punguza kidogo."

Nikaachiwa.

Jioni basi lilipofika Guangyuan Xilu, kati ya wapagazi na marobota yao, rafiki yangu aliomba kushuka, nami nikamweleza mwalimu kwamba Jumatatu anaruka kwenda kwao. Akaivua kofia anirudishie.

"Mwambie hiyo ni mali ya chuo," alisema mwalimu bila kugeuka. "Aivae mpaka uwanja wa ndege."

Picha ya siku ile ilitundikwa ofisini, nayo inaonyesha wanafunzi wa kigeni ishirini na sita. Yeye yuko katikati. Mimi simo.

Wiki iliyofuata alinipigia simu kutoka Lubumbashi. Alikuwa amefika, na kontena ilikuwa baharini.

"Na muti yangu?" aliuliza. "Iko namna gani?"

Mlima ule sikuwa nimeupanda hata hatua moja. Nikamwambia mti unaendelea vizuri.

"Unaumwangia maji?"

"Mvua inanyesha, patron."

Machipuko yaliyofuata nilikuwa wa kwanza kujiandikisha. Nilifunga kofia kwa kamba chini ya kidevu, nikapanda mlima kuutafuta mti wake.