Mume wa Ofisi Tatu

Mwanangu, sina mvi, na stori hii inaniacha bwege. Lakini wazee wana shughuli zao, kwa hiyo leo nasaha utazipata kwangu mimi, dereva wa bodaboda.

Nakumbuka asubuhi moja nilimbeba dada wa mtaa wa Katubuka. Jina lake silitaji hata uninunulie samaki, tena migebuka. Mumewe alikuwa amempiga na kumwingilia kwa nguvu. “Nipeleke polisi, dawati la jinsia,” akasema. “Unisubiri.”

Kufika tu, afande akanikazia macho. “Mume ndiye wewe? Lete funguo, kaa chini.” Nikakaa. Dada akanitetea, akaeleza yake yote. Akaambiwa kipigo kimeandikwa, hayo mengine aende hospitali.

Hospitali, nesi akanizuia mlangoni. “Unaumiza mwenyewe, unaleta mwenyewe?” Dada akaeleza upya. Akatibiwa, kisha akaambiwa mambo ya nyumbani ni ya ustawi wa jamii.

Huko tukamkuta mzee mpole, akanishika bega. “Kijana, mke hapigwi.”

“Shikamoo mzee. Mimi ni bodaboda.”

“Marahaba. Hata bodaboda wanaoa.”

Mwanangu, nilianza kujishuku.

Mzee akamgeukia dada. “Haya mama, tuanze mwanzo.”

Dada akasimama. “Nimechoka kueleza. Bodaboda, nirudishe nyumbani.”

Lakini huko nyumbani alikuwepo yule yule mume. Tulipotoka nje nikafunga mafuta ya pikipiki kimyakimya, nikapiga kiki mpaka jasho likanitoka. Pikipiki ikagoma, kama nilivyotaka. Mzee akatoka ofisini kuangalia.

“Mzee,” nikamwambia, “leo nimekuwa mume ofisi tatu. Mngekuwa mnapigiana simu, ningeshukiwa mara moja tu.”

Akacheka, halafu kicheko kikamkatikia mdomoni. Akampigia afande, akampigia nesi. Wakaja, wakakaa chumba kimoja na dada. Afande akasimulia aliyokwisha kuambiwa, dada akawa anaitikia kwa kichwa. Jioni nilimpeleka Kalinzi kwa shangazi yake, na polisi wakamfuata mumewe mwenyewe, siyo mimi.

Siku hizi nesi hutanguliza simu: “Anakuja na bodaboda. Bodaboda siyo mume.”

Basi mwanangu, ukipata kazi ya kusaidia watu, usimwonyeshe mtu mlango wa jirani ukaona umemaliza. Mpigie huyo jirani, mkae pamoja, aliyeumia aseme mara moja. Mungu akujalie wenzako wapokee simu.

Yule dada nilikutana naye juzi sokoni. Akanitazama, akatabasamu. “Katika waume zangu wawili,” akasema, “ni wewe uliyeningoja.”