Picha za Akina Mama wa Kitalu

Sogea karibu na jiko, mwanangu, baridi ya Njombe haina adabu. Nasikia nawe sasa unatengeneza tovuti. Basi naikumbuka asubuhi moja shangazi yangu aliposhuka basi Makambako, akaingia ofisini kwangu bila hata kunisalimu. Kwa mtu kama yeye, hilo lilikuwa jambo zito.

Nilikuwa kijana, nimetoka chuo juzi tu, najiona. Shangazi na wenzake kumi na sita walikuwa na kitalu cha miche ya parachichi, nami niliwatengenezea tovuti ya kuiuzia. Nilitumia programu ile ya kuburuta vipande na kuvipachika kwenye ukurasa, basi kila kilichonipendeza nilikipachika. Picha za wote kumi na saba, kubwa kama zilivyotoka kwenye kamera, maana huku kwetu ukimwacha mama mmoja nje ya picha umeukosea ukoo mzima. Maua ya hifadhi ya Kitulo yakipishana juu ya ukurasa. Kwaya ya usharika ikianza kuimba yenyewe. Kwenye kompyuta yangu ilifunguka vizuri, nikajisemea kizuri chajiuza.

Kumbe kwa wanunuzi haikufunguka. Mvua za kupandia zilishaanza na miche haijanunuliwa, mizizi inatoboa viriba, vile vifuko inamokuzwa. Wiki chache zaidi ingekuwa ya kutupa, jasho la mwaka mzima. Asubuhi ile Shangazi alikuwa anatoka msibani Mlangali, na huko alikutana na mkulima aliyeitafuta miche yetu siku tatu kwenye simu yake. Mtandao ulisuasua, ukurasa ukabaki mweupe, bando likaisha, naye akakata tamaa.

Shangazi hakupaza sauti. Aliniambia, "Mwanangu, umekaribisha wageni halafu umepanga masufuria mlangoni. Wapite wapi?"

Nami nikajitetea, kichwa kigumu. Nilisema nikizitoa picha, akina mama wataona nimewatenga. Alijitazama kwenye kompyuta, anavyotabasamu ndani ya kitenge alichokishona kwa ajili ya picha ile.

"Anza na yangu," akasema.

Niliifuta, mwanangu, huku machozi yananilengalenga. Kisha ikaondoka kwaya, yakaondoka maua, vikaondoka na vikorombwezo nilivyokuwa nimevipachika na kuvisahau, navyo vilikuwa vinamchelewesha mgeni. Nikabakiza picha moja ya wote wakiwa kitaluni, nikaipunguza uzito, na juu kabisa nikaweka aina za miche na namba ya simu. Wapo akina mama walioninunia, sitakuficha.

Tukampigia yule mkulima, tukamwomba ajaribu tena. Tukasubiri.

"Imefunguka," akasema. "Nimeiona miche. Niwekeeni mia mbili."

Shangazi aliketi, akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Nilimpenda sana siku ile.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndivyo walivyosema wahenga; uzito wake wewe huuoni. Kabla hujatangaza kazi imekwisha, ifungue kwa simu ndogo, mahali ambapo mtandao unafika kwa kuombewa. Picha zipunguze, usichokihitaji king'oe, anachokitafuta mgeni kitangulize. Na ikibidi kupunguza, usianze na cha mnyonge. Anza na chako.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie watu wa kukuambia ukweli kwa upole, na akupe masikio ya kuwasikia wangali hai.