Droo ya Herufi M

Nilistaafu utumishi wa umma nikiwa msimamizi wa masjala, na tangu hapo nabuni michezo ya mezani ya kuigiza. Naliweka hili wazi kwa kuwa wapo hapa Tukuyu wanaosema nimerudia utoto, kauli isiyo na msingi wowote. Katika michezo hii watu wanne au watano huketi mezani, kila mmoja akawa mtu asiye yeye na kuzungumza kama mtu huyo. Penye shaka, dadu huamua. Dadu ikishindwa, huamua msimulizi anayeongoza mchezo. Kazi yangu ni kuandika kanuni, wahusika na mikasa. Sina mwajiri. Mchapishaji huniagiza kazi, nikaimaliza, tukaagana hadi atakaponihitaji tena.

Wabunifu wengine huchota kwenye mazimwi na falme. Mimi huchota dirishani. Niliwaona watu wengi kwenye dirisha la masjala: aliyevaa suti ya mazishi ili asikilizwe, aliyesubiri hadi akasahau shida iliyomleta, mama aliyeniletea mkungu wa ndizi nikaukataa kwa maandishi. Hao ndio wahusika wangu.

Mchezo wangu wa karibuni unahusu mwombaji anayetafuta jalada lake kabla ofisi haijafungwa. Mhariri wa mchapishaji, kijana wa Dar es Salaam, aliifuta kanuni ya tisa na kuandika pembeni: "Kosa la alfabeti." Halikuwa kosa. Majina mengi ya ukoo ya Wanyakyusa huanza na Mwa-. Ukiyapanga kwa herufi ya kwanza, karibu wilaya nzima itaingia droo ya M, na droo nyingine zitabaki na vumbi. Kwa hiyo masjala yetu iliruka Mwa- na kupanga kwa herufi inayofuata. Kanuni ya tisa ilisema hivyo tu. Nilimwandikia kwamba ama kanuni irudi, ama jina langu liondolewe kwenye kasha la mchezo. Niliongeza kuwa kwa utaratibu huo hakuna jalada lililopata kupotea mikononi mwangu, hata moja.

Alikuja mwenyewe kuujaribu. Tuliketi barazani kwangu, Bagamoyo ya hapa mjini, si ile ya pwani, mchana wa manyunyu. Nilikuwa nimemwalika jirani yangu, mama mkulima wa ndizi na chai, na muuguzi mzaliwa wa Tanga aliyepanga chumba mtaa wa Makandana. Mimi nilikuwa msimulizi. Mhariri aliigiza karani. Jirani alikuwa mjane anayetafuta jalada la marehemu mumewe.

"Jina la marehemu linaanzaje, mama?" mhariri aliuliza.

"Mwa."

"Basi droo ya M." Akarusha dadu. Jalada halikuonekana. Akarusha tena, na tena.

"Mwanangu," jirani alisema, "utazeekea humo. Hata marehemu amechoka kukusubiri."

Muuguzi alicheka hadi akaweka kikombe chini. Mhariri alikubali kuwa kanuni irudi, nami nikaanza kukusanya karatasi.

"Mimi sijacheza, mzee," muuguzi alisema.

Aliigiza mtumishi mgeni kutoka pwani, anayetafuta jalada lake ili athibitishwe kazini. Jina la mtumishi huyo lilianza na Mwana-.

"Hilo si jina la ukoo la huku," mhariri alisema. "Siruki kitu. Droo ya M."

"Karani wa huku ataruka kwa mazoea," jirani alisema. "N."

Wote wakanigeukia niamue. Nilisoma kanuni ya tisa mara mbili. Haikusema.

"Usihangaike, mzee. Mimi najua lilipokuwa," muuguzi alisema. "Aliyeliweka aliruka, aliyelitafuta hakuruka. Nilisubiri barua yangu masika mawili, kila nikija naambiwa njoo kesho."

"Dirisha lipi?"

"Lako. Shikamoo yangu ulikuwa unaiitikia vizuri tu."

Nilijaribu kuikumbuka sura yake ya wakati huo, sikuweza. Nilichukua kalamu nikaongeza kifungu: jina lolote la Mwa- lisilo la ukoo wa huku, karani amuulize mwenyewe, kisha aandike kwenye daftari droo aliyoitumia. Chini yake niliweka mfano, kama ilivyo desturi yangu: "Jalada la mtumishi mmoja lilichelewa kuonekana." Nikampa muuguzi asome.

Alikata maneno mawili ya mwisho na kuandika juu yake: "lilipotea."

Mhariri aliniuliza kama bado nataka jina langu kwenye kasha, maana barua yangu ilisema vingine kuhusu majalada. Nilimwambia libaki, na kwamba barua ile nitaisahihisha kwa barua nyingine.