Strima Ndani ya Kabati la Baba

Hadi leo nikipita karibu na nyumba ya mwinjilisti wetu navuta kofia ya sweta mpaka machoni, na nikiwasimulia mtajua kwa nini, ila naomba mcheke taratibu.

Mimi na baba tunaishi wawili tu huku Magamba tangu mama afariki mwaka juzi. Sebuleni kuna spika mbili kubwa za mbao alizonunua baba enzi anafanya kazi msituni, na amplifaya yake inakaa ndani ya kabati la kioo lenye vitambaa alivyofuma mama, na ufunguo wa kabati unakaa mfukoni mwa baba (hata mimi sipewi, na kidato cha nne nimemaliza).

Mama yangu, Anna, alikuwa mwimbaji wa kwaya. Kanda yao ilibaki moja tu, na deki ya baba ilishaanza kutafuna kanda, kwa hiyo nikaipeleka kwa fundi Lushoto mjini akanihamishia nyimbo kwenye simu, lakini kwenye simu mama alisikika kama nyuki ndani ya kopo. Mimi nilitaka baba amsikie kwenye spika zake mwenyewe, kwa sababu tangu tumzike hajawahi kutaja jina lake hata siku moja, na redio alikuwa hawashi tena. Ndiyo nikaenda kutafuta strima, kile kisanduku kidogo kinachochukua muziki kwenye simu kwa waifai na kuupeleka kwenye amplifaya.

Dukani zilikuwepo mbili. Moja ilitaka uchague wimbo mmoja mmoja, na kijitabu chake cha maelekezo kilikuwa kinene kama cha nyimbo za ibada. Ya pili muuzaji akasema inajifanyia yenyewe, unaunganisha mara moja tu, inameza kila sauti iliyoko kwenye simu yako inaihifadhi tumboni, hata ukizima simu yenyewe inaendelea kupiga. Bodaboda wangu alikuwa nje anapiga honi, na mimi kusubiri sijui. Nikasema nipe hiyo ya pili.

“Dada, nimesema kila sauti. Umenielewa?”

Nikamwambia nimeelewa, kaka, funga haraka.

Jumamosi ile ibada ya jumuiya ilikuwa kwetu. Asubuhi nikamwomba baba ufunguo, nikachomeka waya kwenye matundu yale mekundu na meupe ya amplifaya, nikajaribu nusu dakika tu (nusu dakika!), baba akafunga kabati lake kama kawaida akarudisha ufunguo mfukoni. Watu wakaja, shikamoo zikaisha, chai ikanywewa, nikasema kabla ya sala nina wimbo.

Jamani, mama aliimba. Alijaa sebule nzima kama vile amesimama pale penye pazia. Shangazi Eliza, dada yake baba, akajifunika kitenge usoni. Baba aliangalia sakafu tu, ila kidole chake kilikuwa kinahesabu mapigo juu ya goti. Wimbo ukaisha, mwinjilisti akasema tusimame tuombe, tukafumba macho.

Sasa mimi shajara yangu siandiki, naiongea kwenye simu kila jioni nikichambua maharage, maana kuandika kunanichelewesha. Mnaona tunakoelekea. Katikati ya sala spika zote mbili zikasema, kwa sauti yangu, “Leo jumuiya ilikuwa kwa shangazi Eliza, makande hayakuiva, na mwinjilisti ameomba mpaka miguu imeniisha.”

Mwinjilisti akapandisha sauti. Na mimi kule juu kwenye spika nikapanda naye, namuigiza anavyokohoa kabla ya kusema amina. Nikazima simu ndani ya kitenge, wapi, strima ilishameza kila kitu. Kabati limefungwa, ufunguo uko kwa baba, na kwetu mtu hatembei wenzake wakiwa kwenye sala. Nikatembea hivyo hivyo, kwa ncha za vidole, nikamnong'oneza, “Tate, ufunguo,” maana nikiogopa namwita baba kwa Kishambaa. Akautoa. Nilikuwa nimeshaushika upande mmoja wakati shajara yangu ya siku nyingine ilipoanza.

“Nimeanza kusahau sauti ya mama. Nakumbuka maneno yake, sauti siipati. Kumuuliza baba naogopa, nisije nikamliza.”

Baba hakuuachia ufunguo.

“Subiri,” akasema.

Tukasimama hivyo mimi na yeye tumeshika ufunguo mmoja, mpaka yakaisha yote niliyosema siku ile, pamoja na kamasi nilizovuta. Mwinjilisti alishanyamaza zamani. Akasema amina bila kukohoa, na sijawahi kusikia amina ndogo kama ile.

Nilitamani kuingia chini ya mkeka. Shangazi akafuta macho akasema, “Kumbe makande yangu mabichi. Haya, zamu ijayo utapika wewe, tuone,” watu wakacheka, mwinjilisti naye akacheka, japo baadaye kidogo.

Walipoondoka nikapiga magoti mbele ya kabati nichomoe waya, nalia, naomba msamaha, nasema nitairudisha dukani. Baba akakaa sakafuni karibu yangu, mtu ambaye sijawahi kumwona akikaa sakafuni.

“Mimi nilidhani nasahau peke yangu,” akasema. Kisha akanisimulia mama alivyokuwa akiosha vyombo huku anaimba sehemu yake tu, bila wenzake, ukisikia unajiuliza huu ni wimbo gani. Tulikaa mpaka chai iliyobaki ikapoa.

“Zile za makande zifute,” akaniambia akiinuka. “Hiyo ya Anna iache humo humo.”

Kijitabu cha maelekezo nimekisoma chote sasa, na sitachagua tena kitu huku bodaboda inanipigia honi. Shajara nimerudi kuandika kwa kalamu, mkono unauma lakini daftari halina spika. Na ufunguo wa kabati siku hizi hauko mfukoni kwa baba, tunautundika kwenye msumari pale mlangoni, tunaufikia wote wawili.