Mkali wa Biskuti

Binti yangu alilelewa na jirani wa mlango wa pili pale mtaani kwetu Crescent Town, huku Kanada, bibi mmoja wa Kizungu aliyekulia visiwani huko mashariki ya nchi. Kiingereza chake kilikuwa cha kizamani. Mimi na cheti changu cha kidato cha sita tulitoka kapa. Nayaandika maneno yake kama nilivyoyasikia. Mtoto akimfungia paka kabatini, aliitwa skampi. Akidokoa biskuti, aliitwa skaliwagi, na akapewa nyingine.

Mwanzoni nilinuna, nikidhani mwanangu anatukanwa. Kisha nikasikiliza namna anavyoyatamka, nikatambua ni yaleyale ya mama yangu: mtundu, mtukutu, shetani mdogo we.

Mama alikuwa Tanga, anaumwa, na hamu yake ilikuwa kusikia sauti ya mjukuu wake. Mtoto alikielewa Kiswahili vizuri tu, ila alinijibu kwa Kiingereza, na akipewa simu ya bibi yake aligeuka bubu.

"Mke mwenzangu hanitaki," mama akaniambia siku moja. Ulikuwa utani wa bibi na mjukuu, lakini hakucheka, na mimi iliniuma.

Jumapili moja, simu ikiwa kwenye spika, mama akauliza, "Haya, nani mwenzangu hapo?"

Mtoto, mdomo umejaa makombo, akajibu, "Skaliwagi."

"Mkali wa nini?" Masikio ya mama yalikuwa yameanza kuwa mazito.

Mtoto akanitazama. Nikajifanya nakunja nguo. Akafikiri, kisha akasema taratibu, "Mkali wa biskuti."

Mama alicheka mpaka akapaliwa. Mimi nikaenda jikoni kulia kidogo.

Tangu hapo nikipiga simu, mama hakuniuliza hata hali. "Nipe mkali wangu," basi. Wakawa wanagombania biskuti ambazo hakuna aliyeziona, kwa Kiswahili cha kuungaunga, na nilikipenda kuliko kile cha redioni.

Kisha dada yangu akapiga kutoka Tanga kunipa habari ya msiba wa mama. Niliilaza simu mezani bila kuikata, nikakaa chini. Mtoto aliposikia ni Tanga, akaichukua mwenyewe.

"Bibi, ni mimi, mkali wa biskuti. Leo nimekuwekea moja."

Sikuwa na nguvu ya kumnyang'anya. Upande wa pili nikamsikia dada yangu akisafisha koo.

"Haya, mke mwenza," akamjibu. "Niwekee."